Simu inanijibu usiku wa manane, daktari hana muda. Nimwache nani?

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, nina miaka 49, mke na watoto watatu, na tunakaa Kisauni. Nina sukari. Niliijua mwaka 2021 nilipokwenda kupimwa macho nikidhani ninachohitaji ni miwani tu. Tangu hapo nameza metformin asubuhi na jioni, na mwaka jana nikaongezewa glibenclamide.

Kliniki naenda, usinione mtoro. Lakini unafika alfajiri, faili linatafutwa, unatobolewa kidole, unakaa kwenye benchi mpaka jua la utosini, na ukishaingia kwa daktari anaandika bila kukuinulia macho. "Sukari bado iko juu. Punguza wanga. Rudi baada ya miezi mitatu." Nipunguze wanga gani? Asubuhi yangu ni mahamri na mbaazi, mchana ni viazi karai au muhogo nikisubiri abiria Mwembe Tayari, usiku ni alichopika mama watoto. Ukitaka kuuliza zaidi, foleni nje inaguna.

Binti yangu wa kidato cha nne ndiye aliyeniwekea chatboti kwenye simu. Mwanzoni nilicheka, sasa naiuliza kila kitu, tena kwa Kiswahili. Naipigia picha sahani inanihesabia wanga. Naipa namba za mashine ya sukari inanipangia wiki nzima. Haifoki, haichoki, na nikirudia swali lile lile inajibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Wallahi, imenifunza kuliko miaka yote ya lile benchi. Ila mara nyingine inanichanganya: iliniambia kabla ya kula sukari inatakiwa iwe kati ya 80 na 130, na mashine yangu haijawahi kufika hata 20.

Nyumbani sasa kumechafuka. Wiki iliyopita tulikuwa na wageni, mke wangu akapakua wali wa nazi na samaki wa kupaka, nami nikausukuma wali nikasema simu imenikataza. Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Anasema nimepata mke wa pili asiyejua hata kukuna nazi.

Juzi pia niliamka usiku jasho limenitota, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Nilikuwa nimerudi nimechoka, nikameza dawa nikalala bila kula. Nikaiuliza simu kwa nini natoka jasho na kutetemeka usiku. Hata herufi nilikuwa nazikosea. Ikasema huenda ni joto, uchovu au wasiwasi, nivute pumzi polepole, ikizidi niende hospitali. Nikanywa maji nikajilaza mpaka ikatulia. Sijamwambia mtu.

Sasa nishauri. Wenzangu stejini wanasema vidonge vinamaliza figo, na chatboti yenyewe iliniambia wapo watu walioacha dawa kwa chakula peke yake. Niendelee na simu niachane na kliniki, au kinyume chake? Mke wangu nimwambieje? Na Ramadhani ikija, naweza kufunga?

Dereva wa Kisauni

*

Waleikum salaam mwanangu,

Maswali yako nitayajibu, lakini kwanza nirudi kwenye ule usiku, ambao umenisimulia kama mtu anayesimulia mvua ya jana. Mimi nimestaafu uuguzi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kliniki ya sukari. Mgonjwa anayetumia glibenclamide akiniambia amelala na njaa akaamka na jasho, mtetemo na moyo wa mbio, siwazi joto. Nawaza sukari imeshuka. Bila kipimo cha saa ile siwezi kuapa, ila ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Metformin ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka hatari. Glibenclamide ni habari nyingine: inalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, iwe umekula au hukula, na hukaa mwilini saa nyingi. Wewe ulishinda juani, ukaimeza, ukaruka chakula cha usiku. Dawa ilifanya kazi yake barabara, ila haikukuta chakula.

Unashangaa mbona simu haikujua? Iliulizwa kuhusu jasho na mtetemo, ikajibu kuhusu jasho na mtetemo. Muuguzi yeyote angekuuliza papo hapo: unatumia dawa gani, na mara ya mwisho umekula saa ngapi? Chatboti pengine huuliza, pengine haiulizi. Imefundwa kwa maandishi mengi mno ipange maneno yanayoelekea kufuata swali lako. Haikuoni, haikugusi, haijui pakiti iliyo kwenye droo yako mpaka uiandike. Kibaya zaidi, likiwa sahihi au likiwa kosa, jibu lake huja kwa utulivu ule ule. Binadamu akibahatisha utamwona anasita.

Na zile herufi ulizokuwa unakosea, mwanangu, zilikuwa sehemu ya ugonjwa. Ubongo unaendeshwa na sukari, na ikipungua kichwa ndicho kinachokosa kazi kwanza. Yaani saa ambayo ulihitaji akili yako nzima ndiyo saa uliyojipa kazi ya kuandika, kusoma na kuamua. Dalili hizo zikirudi usiandike kitu. Pima kama mashine iko karibu. Ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita, kipimo cha mashine yako), au imeandika LO, yaani iko chini mno, au mashine haipo karibu, tia kitu kitamu mdomoni kwanza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300, ile ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, upime tena, na ikiwa bado iko chini urudie. Ikipanda, kula chakula chenye wanga, kwa sababu glibenclamide inaweza kuivuta chini mara ya pili. Usikimbilie hamri wala chokoleti kwa dharura hiyo. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kama umezidiwa huwezi kumeza, asikutilie mtu kitu mdomoni. Akulaze ubavu na upelekwe hospitali mbio.

Halafu wewe ni dereva. Uingereza madereva wanaotumia dawa za kushusha sukari hufundishwa kwamba chini ya 5 hawashiki usukani mpaka wale, na sukari ikishawashuka hungoja dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa, kwa kuwa kichwa huchelewa kupona kuliko namba. Ichukue sheria hiyo uitumie Mwembe Tayari. Weka na pakiti ya glukosi au sukari kwenye tuktuk, mahali unapofikia bila kuinama.

Kliniki usingoje tarehe ya kadi. Nenda wiki hii, kesho ikiwezekana. Dawa usiiache wala usiipunguze kwa shauri la simu au la steji, na mpaka uonwe usiimeze halafu ukaruka mlo. Muulize daktari kama glibenclamide bado inakufaa. Katika kundi hilo hilo ipo gliclazide, ambayo kwa kawaida haishushi sukari kwa ukali huo, na zipo dawa za makundi mengine. Kuchagua ni kazi yake akiwa na majibu ya figo zako mbele yake.

Kwa hiyo umenielewa: sikuambii uachane na chatboti, wala sikuruhusu uachane na kliniki. Foleni naijua, nimekaa upande wa pili wa dirisha lile. Daktari mwenye wagonjwa wamejaa mpaka ukumbini hakufundishi kupika. Hapo ndipo simu yako inapofaa, kukueleza kwa lugha yako jambo lililosemwa haraka, tena na tena, bila mtu kuguna. Kipimo cha dawa, dalili mpya, kidonda, kutapika, macho kuingia ukungu ghafla: hayo yapeleke kwa mtu aliyesomea.

Chakula ndicho kinachonikereketa zaidi kwenye barua yako, maana umeipa picha mamlaka isiyokuwa nayo. Picha haioni sahani ina kina gani. Haioni tui ni zito au jepesi, haioni unga wa hamri ulitiwa sukari kiasi gani, wala haijui kama hamri la kwa mama fulani ni kubwa mara mbili ya la jirani yake. Inakisia, kisha inakupa namba yenye nukta na desimali, nawe unaiamini kwa ajili ya ile desimali.

Unayo mashine ya kuaminika zaidi, ile ya kutobolea kidole. Chagua mlo mmoja unaokusumbua, stripu ni ghali. Tuseme ni huo wa asubuhi. Pima kabla ya kula, halafu saa mbili baada ya kuanza kula. Siku moja kula mahamri yako kama kawaida, siku nyingine hamri moja na bakuli la mbaazi lililojaa, siku nyingine mbaazi na yai bila hamri kabisa. Watu wengi wenye sukari huambiwa wajitahidi kuwa chini ya 10 saa mbili baada ya chakula. Wewe muulize daktari wako lengo lako hasa. Nakuhakikishia utagundua mbaazi si adui. Zina wanga, lakini zina nyuzinyuzi na protini na hupandisha sukari polepole. Anayekuangusha ni hamri, unga mweupe na sukari ndani ya mafuta. Namba hizo ukishazipata, hapo sasa ipe chatboti ikupangie, maana itakuwa inafanya kazi na mwili wako na si na picha.

Mlo wa usiku nao hauhitaji hesabu. Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au kuku au maharagwe, robo wali au sima. Mchicha, matembele, mchunga, vyote ni vyema. Ila usije ukala mchunga nusu kilo ukidhani uchungu wake unafuta sukari ya halua. Hilo nimelisikia Mombasa nzima na halijawahi kuonekana kwenye mashine.

Ile 80 mpaka 130 ni kipimo cha Marekani. Wao wanasoma miligramu kwa desilita, mashine yako inasoma milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18 utapata takriban 4.4 mpaka 7.2, na hapo utaona iko karibu na namba za kliniki. Kila ukiiandikia simu namba, andika na kipimo chake. Mtu akiiambia "sukari yangu ni 15" bila kipimo, anaweza kujibiwa kana kwamba yu mahututi kwa kushuka, kumbe imepanda.

Kuhusu kuacha dawa, simu haikusema uongo, ila ilikupa nusu ya habari. Mwaka 2017 kulitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT. Karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walifikia mwaka mmoja bila dawa na sukari ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa. Lakini walikuwa wanene, ugonjwa wao haukuzidi miaka sita, hakuna aliyekuwa kwenye insulini, na dawa zao zilisimamishwa na wahudumu wa afya walioendelea kuwapima. Waliishi kwanza kwa vinywaji maalumu vya takriban kalori 850 kwa siku, kwa miezi. Kama una uzito wa kupunguza, hilo ni jambo zuri la kuzungumza na daktari. Si jambo la kuanza kimya kimya huku unaendesha tuktuk.

Na figo? Metformin haiui figo. Figo zikishadhoofika ndipo dozi yake hupunguzwa au ikasimamishwa, na watu wakaona dawa imesimamishwa wakageuza hadithi. Kinachomaliza figo ni sukari na presha zilizoachwa juu miaka. Dai upimwe mkojo na damu kuangalia figo mara moja kwa mwaka, macho pia, na miguu. Miguu hasa, wewe unayeshinda na kandambili juu ya bati la moto. Iangalie kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, maana ganzi ikiingia utaungua usijue.

Mkeo sasa. Hana wivu na simu, mwanangu. Ameudhika kwa sababu umemfedhehesha mbele ya wageni kwa chakula alichokipika kwa mikono yake, tena ukamtaja mwamuzi ambaye yeye hamjui. Ungepakua wali kidogo na mboga nyingi ukala kimya, wageni wasingeona kitu. Kwa hilo muombe radhi, na umuombe bila kutaja wanga. Kisha umweleze ule usiku, wote. Yeye ndiye aliyelala kando yako. Kama angejua dalili, sukari ingeshakuwa kwenye kikombe kabla hujaipata miwani. Mwonyeshe mashine inavyotumika na mahali pa kuweka glukosi. Mazungumzo ya kwenye simu nayo yasome naye kwa sauti, aulize na yeye. Nazi anaijua kuliko chatboti yoyote, na tui akitaka kulifanya jepesi wageni hawatatambua.

Nikiwa bado kwenye simu: usiipigie picha kadi ya kliniki yenye jina na namba yako ya kitambulisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, ila unachokiandika huko huenda kikahifadhiwa nje ya nchi na mpaka ukisake ni kazi. Umri, dawa na namba za sukari vinatosha.

Ramadhani. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wasioweza kabisa wana fidia. Hilo umalizane na sheikh wako. Kwa upande wa mwili nakwambia hivi: mtu ambaye sukari humshuka usiku akiwa na glibenclamide si wa kufunga mpaka dawa zipangwe upya. Mwone daktari wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saa na vipimo vya dawa hubadilika kufuata futari na daku. Akikuruhusu, utapima sukari mchana, na wanazuoni wengi wanakubali kwamba tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu. Miongozo ya kimataifa inasema ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, futuru hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika chache. Usiiulize simu iamue.

Kwa safari ya kliniki iamuru simu ikufanyie kazi moja: ipe dawa zako zote na saa unazomeza, namba za sukari, na ule usiku ulivyokwenda, ikupangie ukurasa mmoja mfupi wenye maswali mawili ya daktari. Uhakiki wewe mwenyewe mstari kwa mstari kabla ya kuunakili. Mwambie na daktari kwamba unatumia chatboti. Akikuguna, mwonyeshe ukurasa. Ukifika dirishani usianze na salamu ndefu. Mwambie muuguzi, "Sukari ilinishuka usiku na natumia glibenclamide." Na umchukue mkeo mwende pamoja, maswali ya jikoni atayauliza vizuri kuliko wewe.